Mtoto wa Januari 2028 tunamjua. Mwalimu wake je?

Wadau, leo tufanye hesabu. Msikimbie, ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Watoto walioingia darasa la 3 mwaka 2024 walianza na mtaala mpya, kwa hiyo wanamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la 6, mwaka 2027. Wenzao waliokuwa darasa la 4 mwaka huohuo wanaendelea na utaratibu wa zamani hadi darasa la 7, nao wanamaliza mwaka 2027. Makundi mawili, mlango mmoja: kidato cha 1, Januari 2028. Na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka 10, maana yake hakuna wa kuachwa nje.

Kujua hili hakuhitaji mganga. Watoto wapo, wana majina, wapo kwenye rejista za shule. Swali langu ni moja: nani atawafundisha?

Wataalamu wa rasilimali watu wana neno lao, ikama. Ni idadi ya watumishi ambayo ofisi au shule inatakiwa kuwa nayo ili kazi iende. Kuikadiria ikama ya mbele kuna hatua tatu tu. Kazi itakuwa kiasi gani? Tulionao watabaki wangapi? Pengo litazibwa na nani, lini? Hapa kwetu Morogoro ujuzi huo unafundishwa Mzumbe, barabara ya Iringa, na wahitimu wake wamejaa kwenye halmashauri zetu. Kwa hiyo tusiseme hatuna utaalamu.

Tujaribu wenyewe. Chukua shule ya kata yenye mikondo 4 kila kidato, jumla mikondo 16. Tuseme Hisabati ni vipindi 6 kwa wiki na mwalimu mmoja anabeba vipindi 24. Mikondo 16 mara vipindi 6 ni vipindi 96, walimu 4. Mwaka 2028 kidato cha 1 kikawa na mikondo 8, shule inafika mikondo 20: vipindi 120, walimu 5. Kundi hilo kubwa litapanda hadi kidato cha 4 mwaka 2031, kisha litoke. Umeona? Hesabu inakuambia pengo linaanza lini na linaisha lini. Sasa toa mwalimu mwenye miaka 59, maana 60 ni lazima astaafu. Toa anayekwenda likizo ya uzazi. Toa aliyeomba uhamisho kumfuata mwenza wake mjini. Hao wote nao wanajulikana mapema.

Mtu atasema, kijana acha kelele, mbona walimu wapo tele mtaani? Kweli wapo. Mwaka 2025 waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Nchi moja ina uhaba wa walimu na ziada ya walimu kwa wakati mmoja! Ukiwauliza waliokosa, wengi watakutajia masomo ya sanaa, wakati shule zinalia Fizikia na Hisabati. Na ukiamua leo kufundisha mwalimu mpya wa Fizikia, shahada ni miaka 3. Kwa Januari 2028 umechelewa. Utakayempata ni yule ambaye tayari amesoma au yuko chuoni.

Haya si mageni. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la 7, wakafundishwa kazini kwa posta na redio. Wananchi wakatania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani mbaya, maana wale ndio waliotufundishia wazazi wetu kusoma. Ikaja MMES mwaka 2004, shule za kata zikaota kila kona, tukaletewa waliotoka kidato cha 6 na mafunzo ya wiki chache, tukawaita walimu wa Voda Fasta. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012 kila mtu anayakumbuka: zaidi ya nusu walipata sifuri.

Halafu 2016, elimu bila malipo. Darasa la 1 likapokea watoto zaidi ya milioni 2. Sasa piga hesabu: kijana aliyeajiriwa na UPE mwaka 1976 akiwa na miaka 18 alitimiza 60 mwaka 2018. Yaani jeshi la UPE lilikuwa linafunga virago wakati watoto wanafurika. Na Juni 2016 serikali ilikuwa imesitisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa. Tarehe za kuzaliwa zilikuwa kwenye mafaili miaka 40.

Kinachoniuma ni kwamba tukitaka, tunaweza. Mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 kwa mkopo wa IMF wa wakati wa UVIKO-19, na 2022 yakaongezwa 8,000 kwa sababu serikali iliwaona wale watoto wa 2016 wakija sekondari. Huko ndiko kukadiria! Lakini darasa linajengwa mara moja na linapigwa picha. Mwalimu anataka mshahara kila mwezi kwa miaka 30 na zaidi.

Ndiyo maana hesabu zetu zinaanzia kinyume. Tunaanza na bajeti ya mishahara, tunapata kibali cha ajira, ndipo tunagawa. Mimi sibishi kwamba fedha ni chache. Nasema mahitaji yaandikwe kwanza, fedha ifuate. Ukianza na fedha, pengo linapotea kwenye makaratasi na kubaki darasani, na wazazi wanachangishana kumlipa mwalimu wa kujitolea.

Mwangalieni Kilakala. Shule ile ilianza mwaka 1957 kama Marian College ya masista wa Maryknoll. Gertrude Mongella alisoma pale, na alipomaliza chuo kikuu mwaka 1970 akaanza kazi ya kufundisha. Enzi zile serikali ilikuwa na makadirio yake: ripoti ya George Tobias ya 1963 iliorodhesha wataalamu waliohitajika, na mpango wa miaka mitano wa 1964 ukaweka lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Yale makadirio yalikuwa na makosa yake, lakini yaliandikwa na yakasomwa.

Leo binti wa Kolero au Bunduki, huko juu Uluguru, anaota kushuka kidato cha 5 Kilakala mchepuo wa sayansi. Atafikaje kama miaka 4 hakumwona mwalimu wa Fizikia? Wastani wa wilaya utasema walimu wapo, maana wa mjini wanamfunika wa mlimani.

Ombi langu kwa TAMISEMI na Utumishi ni dogo. Wekeni hadharani ikama ya kila shule, kwa kila somo, kuanzia sasa hadi 2031. Pengo la muda lizibwe kwa mikataba, hata kwa wastaafu wenye nguvu. Walimu wa sanaa walio mtaani waambiwe ukweli, na wanaoingia chuo waambiwe mapema.

Na wewe unayesoma hii ukiwa ofisini Dar au Moro mjini, una mdogo wako darasa gani mwaka huu? Muulize anamaliza lini.

Nawakilisha.