Hariri Haijazeeka, Tumeiunguza Wenyewe

Nina neno na wenyeji wa Donholm. Mtaani kwetu nguo ya hariri ni ya arusi, ya sikukuu, au ni ukumbusho wa nyanya. Ikipauka na kugeuka manjano, utasikia, "Ah, imezeeka," ama, "Hiyo ya Gikomba ilikuwa feki." Mimi sikubaliani nao.

Hariri ni uzi wa kiwavi, nao uzi huo ni protini kama nywele zetu. Miale ya jua, hasa ile isiyoonekana kwa macho, hukatakata protini hiyo. Kwanza rangi hubadilika, kisha uzi huishiwa nguvu, mwishowe nguo hupasuka ikikunjwa tu. Joto na jasho huharakisha kazi hiyo. Ni kweli kwamba hata gizani hariri huzeeka, lakini polepole sana. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huimulikia hariri kwa mwanga hafifu wa laksi 50 hivi, ilhali jua la adhuhuri hufika laksi 100,000!

Sasa tazameni roshani zetu. Kitambaa cha hariri kinaanikwa juani kutwa, jioni kinapigwa pasi kama jinzi. Wengine hukitundika ukutani mkabala na dirisha, ati wageni wakione. Kumbe kioo cha dirisha hakizuii miale yote.

Kuna watakaoniuliza: nguo nzuri ya kufungiwa ni ya nini? Sisemi isivaliwe. Ivaliwe, ioshwe kwa maji baridi, ianikwe kivulini, ipigwe pasi ya moto mdogo upande wa ndani, kisha ifungwe kwa kitambaa cheupe cha pamba na kuwekwa kabatini. Hayo yote hayataki pesa.

Isitoshe, kule Kasarani kituo cha wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimewafunza wakulima kufuga viwavi wa hariri. Wao wahangaike, sisi tuunguze?

Nyanya zetu wengi hawakuacha shamba wala kitabu. Waliacha kitambaa kimoja. Kikishapauka, hakuna sabuni wala dobi wa kukirudishia rangi. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi leo ukifika nyumbani, kiondoe dirishani.