Pokémon HOME Si Kwako, Umepanga

Kila nikiongea kuhusu gemu za Pokémon, swali linalorudi ni moja: "Nilipie HOME ya Premium ama niachane nayo?" Wengi wenu mmenunua Switch za mkono wa pili, wengine mko na simu tu na Pokémon GO, kwa hivyo wacha nijibu mara moja tumalizane. Jibu langu: usihamishie maisha yako yote huko. Jina linasema HOME, lakini ile ni nyumba ya kupanga, na sisi tunajua nyumba ya kupanga inakuwaje mwezi ukiisha na hujalipa.

Kwanza kwa wale hawajui tunaongea nini. Pokémon HOME ilitoka Februari 2020, iko kwa Switch na iko kwa simu. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza, inahifadhi Pokémon wako kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, si kwenye simu yako, ili uweze kuwatoa gemu moja uwapeleke ingine. Ya pili, inakuwezesha kubadilishana na watu wa dunia nzima.

Ya bure inakupa nafasi ya Pokémon 30. Ukilipia Premium unapata nafasi 6,000. Hakuna katikati. Ni kama landlodi akuambie ana bedsita na ana jumba la ghorofa kumi, chagua. Bei ya Premium ni dola 2.99 kwa mwezi, 4.99 kwa miezi mitatu, 15.99 kwa mwaka. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni kama 390, 650 na 2,080. Si pesa ya kuua mtu. Shida yangu haiko kwa bei.

Shida iko hapa: Premium yako ikiisha, unaweza kuwafikia tu wale walio kwenye lile boksi la bure. Waliobaki unawaona mlango umefungwa. Umewahi kurudi kwa plot jioni ukapata keateka ameweka kufuli yake juu ya yako? Vitu vyako viko ndani, ni vyako, hakuna anayekataa. Lakini huingii mpaka utoe kitu.

Sasa najua kuna msee anasoma hii akisema, "Bana, si ni picha tu za wanyama? Zikipotea si unashika wengine?" Hapana, na hapa ndipo watu wasiocheza hawatuelewi.

Pokémon anabeba historia yake. Ndani yake kuna jina la aliyemshika, nambari ya kitambulisho cha huyo mtu, na eneo alikotoka. Tuseme dada yako mkubwa alishika Ralts kwenye gemu ya Ruby, ile ya Game Boy Advance ya 2003. Huyo Ralts anaweza kuhamishwa akaingia Diamond ama Pearl kwenye DS. Kutoka hapo anaenda Black ama White. Kutoka hapo anaenda Pokémon Bank kwenye 3DS, halafu HOME, halafu Violet kwenye Switch yako leo. Ni zaidi ya miaka ishirini, konsoli nne, na bado jina la dada yako limeandikwa kwake. Hakuna mtu anaweza kukushikia mwingine kama huyo. Hiyo ndiyo kitu tunaogopa kupoteza.

Na hizo njia huwa zinafungwa moja moja bila kelele. Waliokuwa kwenye kaseti za zamani kabisa, Red, Blue, Gold na Silver za Game Boy, hawakuwahi kupata njia ya kuingia Game Boy Advance. Walibaki huko. Mbaya zaidi, zile kaseti zinashikilia kumbukumbu kwa betri ndogo iliyo ndani. Betri ikikufa, kila kitu kinafutika. Kwa hivyo msinielewe vibaya, siko hapa kusema klaudi ni mbaya na kaseti ni takatifu. Kaseti pia inakufa. Klaudi imeokoa Pokémon wengi ambao wangezikwa na hizo betri.

Lakini angalieni kilichofanyika kwa landlodi wa kwanza. Kabla ya HOME kulikuwa na Pokémon Bank ya 3DS, nafasi 3,000, dola 4.99 kwa mwaka. Tarehe 27 Machi 2023, Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS. Bank ikawa ya bure, poa sana, ila kama hukuwa umeshaipakua kabla ya siku hiyo, hakuna duka la kuipata tena. Aprili 2024 wakazima huduma za kucheza mtandaoni za 3DS. Bank iliachwa ikiendelea, lakini wenyewe walisema ni kwa sasa, na siku moja inaweza kufungwa. Na ukitaka kuwatoa Bank uwalete HOME, lazima uwe na Premium. Nyumba ya zamani ni bure, lakini mkokoteni wa kuhama unalipiwa na landlodi mpya.

Halafu kuna milango ya kuingia tu. Ukimtoa Pokémon GO ukamleta HOME, hawezi kurudi GO. Ukimtoa Bank, hawezi kurudi Bank. Hata akishafika HOME, si kila gemu itamkubali. Juni 2019, pale E3, Junichi Masuda alisema wazi kwamba Sword na Shield hazitapokea Pokémon wote. Watu walikasirika, intaneti ikawaka moto, lakini mambo yakaenda hivyo hivyo. Tangu wakati huo kila gemu ina orodha yake, na wako asipokuwa kwenye orodha anabaki boksini akingoja gemu itakayomwita. Na wewe kama umemweka Premium, unalipa kodi akingoja.

Sasa tuje kwa upande wa kubadilishana, kwa sababu hapa nitawasifu. Kwa msee wa Kenya mwenye simu tu na bando kidogo, HOME ya bure ni kitu kizuri sana. Ndani ya gemu, kubadilishana mtandaoni kunataka ulipie huduma ya mtandao ya Nintendo. Kwenye HOME ya simu, hulipi. Kuna Wonder Box: unatupia wako ndani, unafunga simu, unaenda shughuli zako, ukirudi unapata wa mtu wa Osaka ama São Paulo. Kuna GTS: unaweka ulichonacho, unasema unataka nini. Kuna chumba cha watu hadi 20, na kuna kubadilishana na rafiki. Bure unaweka watatu kwenye Wonder Box na mmoja kwenye GTS. Premium ni kumi na watatu. Kwa mtu wa kawaida, za bure zinatosha.

Na kubadilishana ndiyo roho ya hii gemu yote. Satoshi Tajiri, aliyeianzisha, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Alipoona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, akawaza wadudu wakitembea ndani ya ule waya kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana mwaka wa 1996 walitoa Red na Green pamoja, kila moja ikikosa Pokémon walio kwa mwenzake. Ulikuwa unalazimika kutafuta mtu. Leo huyo mtu anaweza kuwa popote duniani, na hiyo ni raha.

Ila soko ni soko, na kila soko lina wakora wake. Kwenye GTS utapata mtu ameweka Bidoof wa levo 3 anaomba legendari. Ni kama wale wa "nabadilisha simu ya kupasuka kioo na iPhone mpya". Kwenye Wonder Box nako utapata shiny anayeng'aa, levo 100, jina lake ni anwani ya tovuti. Usishangilie haraka. Huyo ametengenezwa na programu ya nje, hajashikwa na mtu.

Utasema kwani kuna ubaya gani. Kama unacheza tu nyumbani, hakuna shida kubwa. Lakini HOME humpa kila Pokémon anayepita pale alama yake ya kufuatiliwa. Agosti 2023, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Yokohama, Japani, wachezaji kadhaa walitolewa baada ya ukaguzi kuonyesha timu zao zina Pokémon waliochezewa. Walikuwa wametoka mbali, wamefanya mazoezi mwaka mzima. Wengine walijitetea kwamba kuwapata kihalali kunataka ununue gemu za zamani na nyongeza zake, kwa sababu mtu kama Urshifu wakati huo alitoka Sword na Shield akapitia HOME. Sikubaliani na kudanganya, lakini hoja yao kuhusu gharama naielewa kabisa. Kijana aliyebanabana pesa akapata Switch na gemu moja hawezi kushindana sawa na mwenye gemu sita. Kama una ndoto za mashindano, chukua Pokémon kutoka kwa mtu unayemjua, si kutoka kwa boksi la bahati nasibu. Simu isiyo na risiti huwa rahisi mpaka siku polisi wakuulize umeitoa wapi.

Najua jibu la wanaotetea kampuni: seva zinagharimu pesa. Kweli, na wafanyakazi wanaoziangalia wanalipwa. Sijakataa kodi. Lakini tuongee ukweli kuhusu ukubwa. Data ya Pokémon mmoja kwenye gemu za Switch haifiki hata kilobaiti moja. Wote 6,000 hawafiki megabaiti 6. Kavideo kafupi unakotuma WhatsApp kanaweza kuwazidi. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba kuwafungia mtu 200 wake ni kwa sababu nafasi imeisha.

Mimi ningetaka mambo mawili tu. Moja, waweke daraja la katikati, hata nafasi 300 kwa bei ndogo. Mbili, na hili ndilo kubwa: Premium ikiisha, niruhusu kuwatoa. Nikatalie kuingiza wapya, sawa. Nikatalie kuwapanga, sawa. Lakini mlango wa kutoka uwe wazi. Salio lako la M-Pesa halifungwi kwa sababu mwezi huu hujanunua bando.

Mpaka siku hiyo ifike, fanyeni hivi.

Kama wako wote wako kwenye gemu za Switch, huhitaji Premium kabisa. Boksi la bure lina nafasi 30, na hakuna aliyesema ni safari moja tu. Peleka 30, washushe gemu ingine, rudi uchukue 30 wengine. Wako 300 ni safari kumi. Jumamosi moja na chai ya maziwa, umemaliza.

Kama una wa zamani kwenye 3DS iliyo na Bank tayari, usingoje. Lipa Premium ya mwezi mmoja, hamisha wote, washushe kwenye gemu zinazowakubali, toka kabla mwezi haujaisha. Bank haitakuwepo milele.

Kisha chagua 30 wa roho yako, wale hakuna mwingine kama wao, uwaache kwenye boksi la bure. Hii ni muhimu kuliko mnavyofikiria. Switch inaweka kumbukumbu za gemu ndani ya konsoli, si ndani ya kaseti, na gemu kama Scarlet na Violet haziruhusu kuhifadhi kumbukumbu zao kwenye klaudi ya Nintendo. Ukiibiwa Switch kwa matatu, kaseti mpya haitakurudishia kitu. Wale 30 walio HOME watakuwa salama, utawafikia kwa simu yoyote ukiwa na nenosiri lako. Liandike mahali, tafadhali.

Wale wengine waishi ndani ya gemu, uwacheze. Pokémon aliyewekwa boksini miaka mitano kwa kodi bila kuingia vitani hata siku moja, huyo unamlipia tu hofu yako.

Mimi nimeshachagua 26, nne za mwisho zinanitesa. Wewe ukiambiwa uchague 30 leo, wa kwanza ni nani, na ulimpata kwa nani?