Kikokotoo na Hekima ya Kuketi Kwanza



Walimu na wauguzi wetu hapa Tosamaganga, wanapokaribia miaka 55, hujiuliza: nistaafu sasa kwa hiari, au nisubiri miaka 60 ya lazima? Swali hilo ni jema. Lisijibiwe kwa hofu.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaweka mkupuo wa asilimia 25. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli alizisitisha. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 ukapandishwa: asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Si ajabu basi mtumishi kutamani kuondoka kabla kanuni hazijageuka tena.

Lakini wengi hudhani kwamba asilimia 60 inayobaki imepotea. Sivyo. Hiyo ndiyo sehemu ya pensheni inayolipwa kila mwezi hadi kifo. Mkupuo ukikua, malipo ya mwezi hupungua. Tena, kwa kanuni ya 2022, kila mwezi wa utumishi huongeza kwenye pensheni ya mwaka sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara wa mwaka. Anayeondoka miaka 5 mapema hukosa sehemu 60 kati ya hizo 580, kabla ya kutenga mkupuo. Hicho ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara huo, kila mwaka, maisha yake yote.

Sisemi kila mtu asubiri. Yuko mgonjwa, na yuko mwenye sababu njema za kupumzika. Ila katika Luka 14, Bwana anamsifu ajengaye mnara akiketi kwanza kuhesabu gharama. Kabla ya kuandika barua, omba hesabu yako kwa maandishi, uisome pamoja na mwenzi wako wa ndoa.

Nao wenye mamlaka wana deni. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliihesabu pensheni miongoni mwa haki za mfanyakazi. Haki ambayo mwenyewe haielewi ni nusu ya haki. Maofisa wawafuate watumishi vijijini na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi, mapema, si siku ya kuagana.

Mungu awabariki.

Paroko wenu