Kabla ya kumuuliza mgonjwa pesa, aulizwe kwanza choo chake

Kuna maneno yanayozunguka sana pale wagonjwa wanapongojea mganga, Goma kama Bukavu: «Ukiwekewa goti jipya, utatembea kama kijana.» Ni maneno matamu. Kwa ajili yake jamaa inauza ng'ombe, inaweka shamba rehani, inachangisha dola kwa ndugu walio Kampala na Ulaya. Nayo ni maneno ya uongo. Operesheni yenyewe si uongo. Uongo ni ile ahadi inayoitangulia, na wanaoitoa wanapaswa kuambiwa wazi.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke. Goti likilika, ile gegedu laini inayozuia mifupa isisuguane inakwisha. Mganga mpasuaji anakata sehemu iliyoharibika kwenye ncha za mifupa, anazifunika kwa chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu. Hiyo ndiyo proteze ya goti. Inawekwa hasa kwa sababu moja, kupunguza maumivu, na kwa watu wengi inafaulu. Mzee aliyekuwa halali usiku analala. Mama aliyekuwa hafiki sokoni anafika. Katika nchi zenye kuandikisha kila operesheni, magoti kama 8 kati ya 10 yanadumu miaka 25.

Lakini hata huko, si wote wanaofurahi. Katika jimbo la Ontario, nchini Canada, wachunguzi walitangaza mwaka 2010 matokeo ya magoti 1703 yaliyobadilishwa. Wagonjwa 19 kati ya 100 hawakuridhika. Hao ni watu wenye hospitali zisizokosa umeme wala dawa. Na jambo lililozidi mengine yote lilikuwa hili: mgonjwa ambaye goti halikumpa kile alichokitarajia, hatari yake ya kutoridhika ilikuwa kubwa mara 10 na zaidi. Maana yake, goti linaweza kuonekana zuri kabisa kwenye picha, mganga akafurahi, na mwenye goti akarudi nyumbani analia.

Sasa, mtu wa Kivu anatarajia nini?

Anatarajia kuchuchumaa, kwa sababu choo cha shimo hakina kiti. Kuchuchumaa mpaka chini kunataka goti lijikunje kupita nyuzi 120, na magoti mengi bandia yanaishia hapo au kabla ya hapo. Anatarajia kupiga magoti kanisani au kusujudu msikitini. Wengi wanashindwa, maana ngozi kando ya kovu inabaki na ganzi, na goti linauma likigusa chini. Anatarajia kurudi kulima mlimani na kushuka na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Goti la chuma na plastiki halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Anatarajia kupona kwa wiki tatu, kwa kuwa kidonda kimefunga. Kumbe uvimbe unaweza kukaa miezi, na goti linaendelea kutengemaa hata mwaka mzima.

Nani amemwambia hayo? Mara nyingi hakuna. Mganga ana wagonjwa arobaini mlangoni. Anayepanga safari za kwenda kutibiwa nje anangojea fungu lake. Jamaa imekwisha kuamua. Karatasi ya kukubali operesheni imeandikwa kwa Kifaransa, na mama asiyesoma Kifaransa anaonyeshwa mahali pa kutia kidole. Baadaye akilalamika anaitwa mtu asiye na shukrani.

Wako wanaojitetea kwamba mgonjwa akiambiwa yote atakimbia. Hoja hiyo haisimami. Anayekimbia baada ya kusikia ukweli amechagua mwenyewe, na shamba lake bado analo. Anayebaki anajua anachonunua. Tena, asiyeambiwa ndiye anayeharibu operesheni. Siku ya kwanza mtu wa mazoezi, yule anayeitwa kine, anapomkunja mguu, maumivu yanamfanya afikiri kwamba kazi imeharibika. Anafunga mguu, analala, anakataa kuguswa. Wiki zinapita, goti linakauka, na kulilegeza tena ni kazi ngumu. Angeambiwa mapema kwamba maumivu hayo yanakuja na yanapita, angevumilia.

Wengine wanasema mtu wa kijiji hawezi kuelewa mambo ya kiganga. Mtu huyo ameelewa vizuri bei alipotajiwa kwa dola. Atashindwaje kuelewa kwamba hatachuchumaa tena?

Kwa wakimbizi wa ndani, hao wanaoitwa madeplase, uongo huu unaumiza zaidi. Wako waliopigwa risasi au kipande cha bomu gotini, wanasikia habari za goti jipya na wanaweka tumaini lao lote hapo. Waambiwe ukweli kwa upole, lakini waambiwe. Goti lenye usaha ndani haliwekewi proteze, kwa sababu chuma kikiingia kwenye maambukizi huenda kikalazimika kutolewa tena. Mara nyingine njia iliyo bora ni kusafisha kidonda kwa muda mrefu, au kuunganisha mifupa ili mguu ubaki umenyooka, haukunjiki lakini unabeba mwili. Ni habari ngumu kusikia. Lakini mtu akiijua anaweza kupanga maisha yake, badala ya kungojea miaka kitu kisichokuja.

Kisha kuna swali la mahali. Goma ilipotekwa na M23 mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na mabenki yakafunga milango. Februari, watu wa kambi za Bulengo na Lushagala wakapewa saa 72 kuondoka. Mgonjwa mwenye goti la wiki mbili, amebeba magodoro na watoto, angetolewa nyuzi na nani? Angefanyia mazoezi wapi, juu ya mawe ya volkano? Anayepanga operesheni katika nchi ya namna hii bila kuuliza «Ukikimbia tena, utakimbilia wapi, na nani atakuangalia?» amefanya nusu ya kazi.

Utaalamu wa mifupa si mgeni hapa. HEAL Africa ya Goma ilianzishwa na mganga wa mifupa, Jo Lusi. Hospitali ya CBCA Ndosho inapasua majeruhi wa vita kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ujuzi haupo. Kinachodaiwa ni maneno ya nusu saa, kwa lugha ya mgonjwa, mbele ya mtu wa jamaa yake.

Katika nusu saa hiyo mganga aulize: choo chako ni cha namna gani? Unalala chini au kitandani? Unafanya kazi gani, na nani ataifanya kwa miezi mitatu? Naye mgonjwa aulize: goti langu litakunjika mpaka wapi? Nisifanye nini tena maisha yangu yote? Likiingia maambukizi, nani atalipa? Na bei itajwe nzima: operesheni, dawa, mazoezi ya miezi, magongo, hata kiti cha choo. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kupigilia mbao nne na kutoboa tundu katikati. Katika hesabu yote hiyo, hakuna kitu cha bei ndogo kuliko hicho, na ndicho kinachosahauliwa.

Hospitali isiyo na nafasi ya maswali haya isipokee hata dola ya kwanza. Na jamaa isiyopata majibu isiuze ng'ombe.