Haja ya Ghafula Katika Unyumba

Askari arejeaye likizo Palma au Mocímboa da Praia huenda akaona mkewe akikatiza unyumba kwa kubanwa na mkojo, akadhani amechukiwa. Kwenda haja kabla ya kulala na kupunguza chai jioni husaidia. Lakini mkojo ukiwa na damu, au tendo likimuumiza mke, yafaa kupimwa kichocho, maradhi yaliyoenea Cabo Delgado. Mayai ya minyoo yake hukwama katika kibofu na via vya uzazi. Kichocho huletwa na maji ya mito na madimbwi yenye konokono, wala si uzinzi. Basi mume asimtuhumu mkewe. Waende pamoja kituo cha afya, kwani dawa ya prazikwanteli huua minyoo hiyo.