Ukuta wa nta kwenye banda la kuku: tazama usiku wako kwanza

Ndugu mfugaji, wengi mmeniuliza kuhusu kuta zinazochanganywa nta ili jengo lisipate joto, na kama inafaa kuingia gharama hiyo kwenye banda. Jibu langu kwa wengi wenu ni hapana, hasa mlioko Dar es Salaam, Tanga na Pwani.

Teknolojia yenyewe ni ya kweli. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunakula joto ambalo lingetosha kupandisha maji hayo hayo kutoka nyuzijoto 0 hadi karibu 80. Nta ya ukutani inafanya kazi ya namna hiyo, ila huchaguliwa ile inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 18 hadi 28 hivi. (Ya mishumaa haifai, hiyo inasubiri mpaka 50 na kuendelea.) Inachanganywa kwenye lipu au bodi za jasi. Mchana inayeyuka na kumeza joto, usiku inaganda na kulitoa.

Shughuli ipo hapo kwenye kuganda. Mafuta ya nazi yanayeyuka karibu nyuzijoto 24. Njombe chupa inaganda mpaka uianike juani, lakini Dar es Salaam mwezi wa pili ni maji asubuhi na jioni. Nta isipoganda usiku, kesho yake haina nafasi ya kumeza joto lingine, na wewe umeshalipia lipu ya bei mbaya. Utaambiwa uchukue ya nyuzijoto 28. Kama usiku wako ni 25 au 26, itaganda polepole mno na kutakucha kabla haijamaliza.

Dodoma mchana ni mkali lakini usiku hupoa, kwa hiyo huko ingefanya kazi. Ila Wagogo walishajenga tembe zenye kuta nene na paa la udongo, na udongo haununuliwi dukani.

Halafu litazame banda lenyewe. La kuku wakubwa lina kozi tatu nne za tofali, juu ni wavu. Nta utaipaka wapi? Joto linalowafanya kuku wahema midomo wazi saa nane mchana linashuka kutoka kwenye bati. Hela yako ipeleke huko: paka bati chokaa nyeupe au tandika makuti juu yake, na banda jipya lielekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni.

Chumba cha vifaranga kimefungwa, ndiyo, lakini wiki ya kwanza wanataka nyuzijoto 32 hadi 35, na nta ya 24 haiwafikishi huko. Tena nta inawaka. Mimi singeiweka chumba kimoja na jiko la mkaa.

Ukitaka kuhakikisha, tundika kipimajoto bandani ukisome saa 11 alfajiri kwa wiki mbili za msimu wa joto. Kisha muulize muuzaji nta yake inaganda nyuzijoto ngapi. Kama alfajiri yako haishuki nyuzijoto 4 au 5 chini ya hapo, usinunue.