Rambirambi hazimkingi muuguzi

Desemba 2020, Covid-19 ikiwa imetanda nchini Kenya, daktari kijana aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa maradhi hayo aliaga dunia kwa maradhi yayo hayo. Chama cha madaktari, KMPDU, kilisema alikuwa amefanya kazi miezi mitano bila mshahara, na hakuwa na bima ya afya. Majukwaani, viongozi walikuwa wakimwita yeye na wenzake mashujaa.

Wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa wamegoma tangu Desemba 7. Madaktari wakafuata Desemba 21. Walidai vifaa vya kujikinga, bima, na fidia kwa familia za waliofia kazini. Iliwalazimu kuweka zana chini katikati ya janga ndipo wasikilizwe. Aibu hiyo ni ya serikali kuu na za kaunti.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 Covid-19 iliua wahudumu wa afya wapatao 115,000 ulimwenguni. Majirani zetu nao wamezika wahudumu wao. Ebola ilipozuka Uganda mwaka 2022, wahudumu 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Rwanda ilipopambana na Marburg mwaka 2024, wengi wa wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya. Lakini Kigali haikuishia kwenye rambirambi: siku chache tu baada ya kutangaza mlipuko, ilianza kuwapa walio mstari wa mbele chanjo ya majaribio. Ilielewa kwamba muuguzi akianguka, wodi nzima imeanguka naye.

Hapa kwetu bado tunasukumana. Katiba ya 2010 iligatua huduma za afya, na kila mshahara unapochelewa, kaunti huinyooshea kidole Hazina ya Kitaifa, nayo Hazina huirudishia kaunti lawama. Wanapolumbana, mwenye nyumba anadai kodi na shule inadai karo. Mtu aliyekesha zamu mbili, akahesabu maiti alfajiri, kisha akaogopa kuwakumbatia wanawe asije akawaambukiza, hawezi kuongezewa wasiwasi wa unga. Mkono wake ukitetemeka anapopima dozi, anayeumia ni mgonjwa.

Msimamo wetu ni huu. Asiingie wodini mhudumu yeyote, awe wa kudumu, wa kandarasi au mwanagenzi, kabla bima yake haijaanza kufanya kazi. Gavana anayechelewesha mishahara wakati wa mlipuko aitwe mbele ya bunge la kaunti, ajieleze hadharani. Glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga viwe ghalani kabla ugonjwa haujabisha hodi. Kila hospitali ya rufaa iwe na mshauri nasaha wa wafanyakazi wake, na saa za mapumziko zilindwe kama dawa inavyolindwa. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ipo tangu 2007. Mjane asizungushwe maofisini kutafuta haki ambayo tayari imeandikwa.

Haya yatungiwe sheria na kutengewa fedha sasa, hospitali zikiwa tulivu. Maneno matupu hayavunji mfupa. Bunge likikataa, basi lisithubutu tena kusimama kimya dakika moja kumkumbuka mhudumu ambaye lilikuwa na uwezo wa kumlinda.